Nguvu ya Chuma cha Pua

Wasikilizaji wa Unyambwa na wa nchi yote ya Singida, jembe lifaalo hutengenezwa kwa kitu gani? Shaba hung'aa, lakini ni laini. Ingepinda katika udongo mkavu. Chuma kitupu nacho hupinda. Chuma cha kusubu ni kigumu, walakini kikipigwa hupasuka kama chungu. Pua huvishinda vyote hivi: ni ngumu, tena haivunjiki upesi. Siri yake ni kaboni, yaani kitu kile kilicho katika makaa, nayo haizidi sehemu 2 katika 100.

Wengi hudhani kwamba elimu hii ililetwa na wageni. Sivyo. Katika Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, watu waliyeyusha mawe ya chuma yapata miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walieleza jinsi wazee Wahaya walivyojenga tena tanuri ya kale, wakaweka ndani nyasi za kinamasi zilizochomwa, wakavukuta kwa mivukuto, wakapata chuma chenye kaboni.

Basi msimdharau mhunzi. Kazi yake ni elimu.