Msamiati wa Ufuaji wa Visu Kando ya Ziwa Viktoria: Historia Yake na Haja ya Istilahi

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza historia ya msamiati wa kazi moja ya mikono, yaani kazi ya kufua visu, hasa katika Mkoa wa Mwanza na sehemu nyingine zinazolizunguka Ziwa Viktoria. Pengine msomaji atajiuliza: jarida la lugha lina shughuli gani na nyundo na makaa? Jibu letu ni kwamba istilahi si pambo la kazi, bali ni sehemu ya kazi yenyewe. Mwenye kujifunza ufundi kwa mara ya kwanza huongozwa na maneno kabla mkono wake haujazoea. Maneno yakichanganyika, kisu huvunjika.

Zamani mwanafunzi wa uhunzi alikuwa mtoto wa mhunzi au jamaa yake. Alianza kwa kuvukuta na kuchota mkaa, akatazama miaka mingi kabla ya kukabidhiwa nyundo. Jicho lilimfundisha mengi, na neno lilimfikia pamoja na tendo lake. Siku hizi wapo wanafunzi wa aina nyingine: mwalimu, fundi wa magari, mvuvi au kijana wa shule anayetaka, kwa mapenzi yake tu na katika saa zake za mapumziko, kufua kisu kwa mikono yake mwenyewe. Huyu hana mhunzi wa kumtazama kila siku. Hupata maelezo vipande vipande, na mara nyingi kwa lugha ya kigeni. Kwake yeye neno hutangulia tendo. Kwa hiyo msamiati uliowatosha mababu waliofundishwa kwa jicho haumtoshi mtu anayefundishwa kwa maandishi.

2. Chuma cha Ziwa

Ni dhahiri kwamba watu wa kando ya ziwa hawakungoja wageni wawafundishe chuma. Katika Mkoa wa Kagera, ambao uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979, wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia mawe ya chuma. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya uchunguzi wao kuhusu ustadi wa Wahaya. Walieleza kwamba wazee wa Kihaya, waliokuwa wameiacha kazi hiyo kwa miaka mingi, walijenga upya tanuri kwa kumbukumbu zao na kupata pua yenye kaboni ya wastani. Tena walionyesha kwamba ustadi wa namna hiyo ulikuwako katika eneo hilo baina ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Wataalamu wengine wamebishana nao juu ya jinsi hewa ilivyopata joto ndani ya mabomba ya udongo kabla ya kuufikia moto, na mjadala huo ni wa haki. Lakini hakuna anayebisha kwamba chuma kilipatikana hapo, na kwa ufundi wa wenyeji wenyewe.

Upande wa kusini na kusini-magharibi mwa ziwa, katika nchi ya Uzinza na sehemu za Geita na Biharamulo, kazi hii ilikuwa mikononi mwa Warongo. Jina hilo halikuwa la kabila kwa maana ya kawaida, bali lilikuwa la watu wa makabila mbalimbali waliounganishwa na kazi ya tanuri na miiko yake. Majembe yaliyotoka katika eneo hili yalifika Usukuma, na katika karne ya 19 yalikuwa mali ya kulipia mahari pamoja na kuwa zana za kulimia. Hivyo jembe lilikuwa chombo, bidhaa na fedha kwa wakati mmoja. Kisu, shoka na mkuki vilifuata njia hiyohiyo.

Kazi ya kuyeyusha mawe ilikufa polepole wakati wa ukoloni. Chuma kilicholetwa kwa meli na reli kilikuwa rahisi kupatikana kuliko kukata miti, kuchoma mkaa na kujenga tanuri. Lakini tusichanganye mambo mawili. Aliyetoweka ni myeyushaji, mfuaji hakutoweka. Mhunzi alibaki na fuawe yake, akabadili tu mahali pa kupatia chuma. Badala ya bonge lililotoka tanurini, akafua vyuma chakavu vya magari na mitambo. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyoleta tatizo la istilahi tutakalolieleza hapa chini.

3. Neno Fua na Jamaa Zake

Msamiati wa msingi wa uhunzi ni wa Kibantu na ni wa kale. Wachunguzi wa lugha za Kibantu wanaliweka neno fua, kwa maana ya kuponda chuma ili kukipa umbo, katika ukoo mmoja na neno gucura la Kinyarwanda, ambalo latupa umucuzi, yaani mhunzi, na neno la Kikuyu mũturi lenye maana hiyohiyo. Nyundo nayo huitwa inyundo katika Kinyarwanda na ennyondo katika Kiganda. Kinyarwanda hukiita kisu icyuma, neno lilelile la chuma, kana kwamba kisu ndicho chuma chenyewe. Ushahidi huu watuonyesha kwamba mtu wa pwani na mtu wa ziwa walikuwa na maneno ya ufundi huu kabla ya vitabu.

Kiswahili chenyewe kina hazina ambayo wengi wetu tumeisahau. Tuitazame.

Chuma hupondwa juu ya fuawe na hushikwa kwa koleo. Moto huvuviwa kwa mvukuto, na kinywa cha udongo kinachopeleka hewa motoni huitwa kewa. Taka zinazobaki baada ya kuyeyusha ni mavi ya chuma. Wapo wanaoona haya kuliandika neno hilo vitabuni, lakini sisi hatuoni sababu ya haya hiyo, kwani wahunzi hawakuwa nayo na maana yake haina utata.

Kisu nacho kina sehemu zake. Bapa la chuma ni kengee. Upande unaokata ni makali. Upande wa pili ni mgongo. Mwisho wake ni ncha. Kipande chembamba kinachoingia ndani ya mpini ni msuka, na pete inayozuia mpini usipasuke ni noleo. Nyumba ya kisu ni ala. Kisu kikiwa kikali husemwa kuwa chapata. Kikiwa butu, hakipati. Ndiyo maana ya methali isemayo kwamba kinolewacho hupata, ambayo vijana wengi huielewa kana kwamba yahusu kujipatia mali. Kinolewacho huwa kikali: hayo ndiyo maneno ya mhunzi.

Kwa hiyo, mwanafunzi anapoandikiwa maelezo, hapana haja ya kumwambia "sehemu ya chuma inayoingia kwenye kishikio". Neno msuka lipo. Kulitupa neno lililopo na kuweka mahali pake sentensi nzima si kurahisisha lugha, bali ni kuifukarisha.

4. Pua, Feleji na Mkanganyo wa Siku Hizi

Sasa tufikie mahali ambapo hazina hiyo haitoshi. Mfuaji wa leo hununua chuma kwa wauzaji wa vyuma chakavu. Mbele yake pana nondo za kujengea, springi za magari, tupa zilizokwisha meno, mabomba yaliyopakwa zinki na vipande vya masufuria yasiyoshika kutu. Kwa macho ya mgeni vyote ni chuma. Kwa kazi ya kisu, kila kimoja ni kitu mbali.

Tofauti kubwa iko katika kaboni. Nondo ya kawaida ina kaboni kidogo, hivyo hata ichomwe na kuchovywa mara kumi, makali yake hayatadumu. Springi ya gari ina kaboni ya kutosha, kiasi cha asilimia 0.6, na ndiyo maana wahunzi wengi huipenda. Bomba lililopakwa zinki halifai kutiwa motoni kabisa, maana moshi wake humletea mfuaji homa na kumdhuru mapafu.

Kiswahili kina neno pua kwa chuma kigumu chenye kuchukua makali, na feleji kwa pua ya ubora wa juu, iliyosifika hasa katika panga. Tatizo ni kwamba siku hizi watu wengi hutumia chuma cha pua kwa maana ya chuma kisichoshika kutu pekee. Matokeo yake ni nini? Mwanafunzi husoma kwamba kisu hufuliwa kwa chuma cha pua, akaenda kununua kipande cha sufuria linalong'aa, akakichoma na kukiponda kutwa nzima, asipate makali. Amefuata neno sawasawa, ila neno limempoteza.

Twapendekeza basi kwamba pua libaki na maana yake pana ya asili, na aina zake zitajwe kwa sifa zake: pua ya kaboni kwa ile inayofuliwa na kugumishwa na mhunzi wa kawaida, na pua isiyoshika kutu kwa ile ya masufuria na vifaa vya hospitali.

5. Matendo Mawili Yanayokosa Majina

Tatizo la pili ni zito zaidi. Kisu kikishapata umbo bado hakijawa kisu. Hupashwa moto mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike tena, kisha huongezwa moto kidogo na kuchovywa ghafla katika mafuta. Hapo pua huwa ngumu sana, lakini pia huwa dhaifu mfano wa kioo: kikianguka sakafuni huweza kukatika vipande viwili. Kwa hiyo hupashwa moto mara ya pili, safari hii polepole na kwa joto dogo, kiasi cha nyuzi 200 hadi 250 za Selsiasi. Uso uliosuguliwa hugeuka rangi ya manjano ya majani makavu, kisha kahawia. Ukifika buluu, ugumu umepungua kupita kiasi kinachofaa makali ya kisu. Kwa kupoteza ugumu kidogo, kisu hupata ustahimilivu.

Haya ni matendo mawili yenye makusudi mawili tofauti. Lakini katika maelezo mengi ya Kiswahili yote mawili huelezwa kwa maneno yaleyale, kama vile kuchoma na kupoza. Mwanafunzi akisoma "choma kisha poza" hudhani kazi imekwisha baada ya mara ya kwanza. Kisu chake huvunjika siku ya kwanza ya kukitumia, pengine usoni pake.

Twayapima mapendekezo yafuatayo. Kwa tendo la kwanza, kugumisha lafaa kwa mchakato mzima, na kuchovya libaki kwa kile kitendo cha kukitia chuma katika mafuta au maji. Kwa tendo la pili, wengine wamependelea kulegeza. Sisi hatukubaliani nalo, kwa kuwa kilicholegea hakikati, na neno hilo laweza kumfanya msomaji adhani kwamba kazi imeharibika. Kulainisha nalo lahitajika kwa tendo la tatu, yaani kukipasha chuma moto na kukiacha kipoe chenyewe katika majivu ili kiweze kukwanguliwa kwa tupa. Linalobaki, na ambalo twaona lafaa, ni kutuliza. Pua iliyogumishwa ina msukosuko ndani yake. Moto wa pili waituliza bila kuinyang'anya nguvu. Neno hili ni la kila siku, mzizi wake wajulikana, na latuachia vitenzi na majina yote tunayohitaji: kutuliza, mtulizo, pua tulivu.

6. Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo likafuata mwaka 1973. Tangu hapo taifa limekuwa na chombo cha kutunza maneno na chombo cha kuendeleza mafundi. Twaona ni vyema vyombo vya namna hii vikutane mbele ya fuawe kama vinavyokutana mbele ya meza.

Mfano wa kufuata tunao hapahapa ziwani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1980. Alituonyesha kwamba maisha ya ziwa yaweza kusemwa kwa Kiswahili bila kupungukiwa. Wakazi wa Mwanza nao, tangu viwanda vya minofu ya sangara vilipoenea katika miaka ya 1990, wameyaita mabaki ya samaki mapanki, na neno hilo limeenea bila kamati yoyote. Wananchi hawakosi uwezo wa kuunda maneno. Kinachohitajika ni kuyakusanya, kuyapima na kuyarudisha kwao yakiwa yamepangwa.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu walio Sengerema, Geita, Ukerewe, Magu na kwingineko wawaendee wahunzi wazee na kuwauliza, kwa lugha zao, jina la kila chombo na la kila tendo. Wauliwe hasa jina la ule moto wa pili. Ikiwa Kisukuma, Kizinza au Kikerewe kina neno lake, tuko tayari kuliacha pendekezo letu na kulipokea hilo. Lakini wakati si mwingi, kwa sababu wanaoyajua maneno hayo ni wazee, na mkusanyaji akichelewa atakuta fuawe ipo na mwenyewe hayupo.