Kufungisisa: Neno la Kishona katika Utafiti wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyewahi kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, mjini Nairobi. Miongoni mwa madai yake lilikuwamo hili: kwamba sonona, yaani ile huzuni nzito inayomnyang'anya mtu nguvu za kuishi, ni nadra kwa Waafrika. Rai hiyo ilidumu miaka mingi. Madaktari waliutafuta ugonjwa kwa maneno ya Ulaya, na mgonjwa asiyekuwa na maneno hayo hakuhesabiwa.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zimbabwe, wakishirikiana na wenzao wa Uingereza, walianzia upande wa pili. Vikram Patel, daktari kutoka India aliyekuwa akifanya kazi Harare, pamoja na wenzake, waliwaendea wagonjwa wa zahanati na wateja wa waganga wa jadi, wakawataka wayaeleze maradhi yao kwa Kishona. Neno lililojirudia mno ni kufungisisa.

Msomaji wa Kiswahili asidanganywe na sura ya neno hilo. Kwa Kishona, kufunga si kutia kufuli wala kujinyima chakula, bali ni kuwaza. Nacho kiambishi -isisa huzidisha tendo. Kufungisisa, basi, ni kuwaza kupita kiasi. Jambo hilo si geni katika Kiswahili: mtu akisemwa kwamba "ana mawazo", msikilizaji huelewa mara moja kuwa hasifiwi akili. Kwa wagonjwa wa Harare, kufungisisa kulikuwa dalili na chanzo cha dalili kwa pamoja, jambo ambalo vitabu vya tiba havikulizoea.

Kutokana na maelezo hayo ikatungwa hojaji ya Kishona yenye maswali 14, iliyotangazwa mwaka 1997. Mwaka huohuo Jeremy Broadhead na Melanie Abas walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wanawake wa mtaa mmoja wa Harare: karibu 3 katika kila 10 walikuwa wamepatwa na sonona au wasiwasi mkubwa ndani ya mwaka mmoja. Dai la Carothers halikuwa tena na pa kusimama.

Hata hivyo, kupima si kutibu, na madaktari wa akili nchini walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2005 serikali ilibomoa makazi na vibanda vya biashara mijini. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza nyumba, riziki au vyote viwili. Mwaka uliofuata Dixon Chibanda, daktari wa akili na mwalimu wa chuo hicho, alianza kazi katika mtaa wa Mbare bila fedha na bila chumba. Alipewa akina nyanya 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa mtaa, na benchi nje ya zahanati. Yeye alikusudia kuliita benchi la afya ya akili. Akina nyanya walikataa, kwa kuwa hakuna ambaye angekubali kuonekana amelikalia. Wakaliita Chigaro Chekupanamazano, kiti cha kupeana mashauri. Katika suala hili wao walikuwa wataalamu kuliko daktari.

Kazi yao ilijaribiwa rasmi katika zahanati 24 za Harare kwa watu 573, wote wakiwa wamechaguliwa kwa hojaji ileile ya Kishona. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilikuwapo kwa asilimia 13.7 ya waliokaa benchini, na kwa asilimia 49.9 ya waliopata huduma ya kawaida. Tangu hapo benchi limefika Malawi, Zanzibar na hata New York.

Neno lenyewe lilitangulia kusafiri. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani kililiingiza kufungisisa katika toleo la tano la mwongozo wake wa magonjwa ya akili, miongoni mwa istilahi tisa za tamaduni mbalimbali. Nyumbani, maswali 14 huulizwa kwa Kishona. Makala zinazoyaeleza zilitoka kwa Kiingereza, katika majarida ya ng'ambo.