Fumbo la Mbayuwayu

Katika nchi za kaskazini ya Ulaya, mwezi wa Septemba ufikapo, majani ya miti hugeuka rangi na kuanza kupukutika. Mtu asimamaye kando ya ziwa jioni katika majira hayo huona jambo la ajabu. Mbayuwayu hukusanyika kwa maelfu juu ya maji, wakizunguka kama moshi. Jua likisha kutua, hujitupa kwa ghafula ndani ya matete wakanyamaza kimya. Baada ya siku chache hawapo, wala hawaonekani tena mpaka Aprili.

Je, wamekwenda wapi? Swali hilo liliwasumbua watu kwa zaidi ya miaka 2,000, na wengi waliolijibu vibaya hawakuwa wajinga hata kidogo. Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alijua kwamba ndege wengine husafiri. Aliandika habari za ndege wenye miguu mirefu watokao nyika za kaskazini, wakaenda hata mabwawa yaliyo kusini ya Misri, utokako mto Nile. Lakini kwa habari za mbayuwayu alisema kwamba baadhi yao hujificha mashimoni, bila manyoya, hata baridi ipite. Neno la Aristotle likawa kama sheria kwa wasomi waliomfuata.

Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu kutoka Sweden, alichapisha kitabu kikubwa juu ya watu wa kaskazini. Humo alieleza kwamba wavuvi huwakokota mbayuwayu kwa nyavu kutoka chini ya maji, wameshikamana mdomo kwa mdomo na bawa kwa bawa. Na picha ya wavuvi hao ikatiwa. Hata Linnaeus, bingwa wa kuainisha mimea na wanyama katika karne ya 18, aliyakubali maneno hayo. Kabla yake, katika karne ya 17, Mwingereza aitwaye Charles Morton alidai kwamba ndege huruka mpaka mwezini. Twaweza kumcheka, lakini yeye angalau alitambua kwamba wanasafiri!

Nadhani kosa hilo lilizaliwa na ziwa lenyewe. Watu waliwaona ndege kwa macho yao wakiingia matete jioni, na chini ya matete yamo maji. Ilikuwa rahisi kumaliza hadithi kwa kusema kwamba wamezama. Ambaye hakurudi kando ya ziwa alfajiri hakuwaona wakitoka.

Jibu lilianza kuja kutoka upande mwingine wa dunia, tena bila kutumwa. Mwaka 1822, karibu na Klütz huko Ujerumani, korongo mweupe alipigwa risasi. Shingoni mwake mlikuwa na mkuki wa urefu wa sentimita 80 hivi, umepenya upande huu na huu, nao ulikuwa umetengenezwa Afrika. Ndege huyo alikuwa amechomwa huku kwetu barani, akaruka na mkuki wake hadi Ulaya. Amehifadhiwa mpaka leo katika Chuo Kikuu cha Rostock. Kitabu cha askofu kina jina la askofu. Lakini mwindaji wa Kiafrika aliyeurusha mkuki ule, akitafuta kitoweo tu, jina lake halijulikani. Hata hivyo ushahidi wake ulishinda vitabu vingi.

Ilibaki kutafuta njia ya kuwatambua ndege mmoja mmoja bila kuwadhuru. Njia hiyo ilistawishwa na mwalimu wa shule, Hans Christian Mortensen, wa mji wa Viborg huko Denmark. Mwaka 1899 aliwavika kwezi 165 pete nyepesi za alumini miguuni, kila pete ina namba yake na jina la mji. Mwaka 1901 Johannes Thienemann alianzisha kituo cha kuchungulia ndege huko Rossitten, katika ukanda mwembamba wa mchanga uliopo kati ya bahari ya Baltic na wangwa la Kurland. Baada ya miaka miwili pete zikaanza kutumika huko pia. Kituo hicho kilipopotea katika Vita Kuu ya Pili, kazi yake iliendelezwa Radolfzell, kando ya ziwa Bodensee.

Na mbayuwayu je? Mmoja alivishwa pete Staffordshire, Uingereza, mwezi wa Mei 1911. Alikamatwa Desemba 1912 ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika ya Kusini, zaidi ya kilomita 9,000 kutoka alipovishwa. Hakuwa amelala chini ya ziwa lo lote.

Hapa Kenya pete zimekuwa zikitumika Ngulia, katika Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969. Usiku wa ukungu, Novemba na Desemba, taa za hoteli huwavuta ndege wasafirio, na baadhi ya waliovishwa pete hapo wameonekana tena Ulaya na Asia. Lakini mwanafunzi hahitaji pete ili kuanza. Mwezi wa Novemba mbayuwayu wa Ulaya wako hapa kwetu, na jioni huenda kulala katika matete na mafunjo ya maziwa yetu, kama walivyofanya kule. Atakayetaka kuwahesabu aamke kabla ya jua kuchomoza, maana hutoka wote kwa mkupuo mmoja.