Kianzisha Mapigo

Pesimeka ni neno linalobeba vitu viwili: kifaa kinachopandikizwa kifuani, na seli ambazo kila mtu huzaliwa nazo. Kifaa kimekwisha kupata jina, betri ya moyo, na mgonjwa wa Karagwe au Kyerwa aliyepewa rufaa kwenda Dar es Salaam hulielewa bila kufafanuliwa. Lakini jina hilo halizifai seli, kwa kuwa betri hujazwa kiwandani na siku moja huisha, ilhali seli hizi hujichaji zenyewe pigo baada ya pigo. Nashauri ziitwe vianzisha mapigo, na sababu imo katika utendaji wake.

Seli ya kawaida ya msuli wa moyo ikishapiga hutulia kwenye milivolti 90 hivi chini ya sifuri, ikingoja ishara ya jirani. Vianzisha mapigo havijui kutulia. Vimekusanyika katika fundo dogo kwenye ukuta wa chemba ya juu ya kulia, fundo ambalo watafiti Keith na Flack walilieleza mwaka 1907. Umeme wa seli hizi ukishuka hadi milivolti 60 hivi chini ya sifuri, kushuka kwenyewe ndiko kunakofungua milango ya utando inayopitisha sodiamu kidogo kidogo. Jambo la ajabu, maana milango mingi ya jamii hiyo hufunguka umeme unapopanda. Umeme hupanda polepole, na ukikaribia milivolti 40 chini ya sifuri, kalisi huingia kwa wingi na ishara huruka. Kisha potasiamu hutoka, umeme hushuka, na sodiamu hufunguliwa tena mlango. Aliyetazama jani la gimbi kibanjani wakati wa manyunyu ameona mfano wake: maji hujikusanya tone kwa tone, jani huinama, humwaga, huinuka, huanza upya. Hakuna anayeliamuru.

Wapo wanaopendelea kidhibiti mapigo, wakisema moyo huenda mbio tukiogopa, hivyo upo udhibiti. Upo kweli, ila ni kazi ya neva. Fundo likiondolewa amri za neva hupiga kama mara 100 kwa dakika, na moyo uliopandikizwa, neva zake zikiwa zimekatwa, huendelea kudunda. Wengine watapendekeza seli anzilishi. Lakini mwanzilishi huanzisha jambo mara moja, na seli hizi huanza upya kila pigo.

Itasemwa pia kwamba wataalamu wamekwisha kuzoea Kiingereza. Wao wamezoea, lakini mzee anayeketi mbele yao hospitalini Nyakahanga au Isingiro, ambaye Kinyambo ndiyo lugha yake ya kwanza na Kiswahili ya pili, hajazoea. Kuanza anakujua, pigo analijua. Daktari akimwambia, “Mzee wangu, vianzisha mapigo vyako vimechoka, ndiyo maana unazimia, na tunataka uwekewe betri ya moyo,” sentensi hiyo moja inatosha, na hakuna neno ndani yake linalohitaji mkalimani.