Dhahabu ya Kellogg

Mkusanyaji wa sarafu akiulizwa kama alicho nacho ni cha kweli au cha bandia, aghalabu hujibu mara moja. Sarafu ya dola 50 ya Kellogg & Co. wa San Francisco yaweza kumfanya asite.

Dhahabu ilipoonekana California mwaka 1848, watu walinunua chakula kwa vumbi la dhahabu lililopimwa kwa mizani, na mizani ilizaa ugomvi. Katiba ya Marekani iliyakataza majimbo kupiga sarafu. Mtu binafsi haikumtaja. Wafanyabiashara wakapenya hapo wakapiga sarafu zao wenyewe. Zile za Oregon za mwaka 1849 zilikuwa na dhahabu nyingi kuliko za serikali, na kwa hiyo ziliyeyushwa karibu zote: ubora wake ndio uliziponza. Mwaka 1864 Bunge liliipiga marufuku kazi hiyo.

Dola 50 za Kellogg, za mwaka 1855, zimebaki chache mno, na bei yake hufikiwa na matajiri tu. Lakini mihuri ya chuma iliyozipiga ilihifadhiwa. Tena, mwaka 1857 meli ya SS Central America ilizama mbele ya pwani ya Carolina, ikafa na watu zaidi ya 400, na katika shehena yake ilikuwamo mikuo ya dhahabu yenye chapa ya Kellogg na mshirika wake Humbert. Mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1988. Mwaka 2001 mihuri mipya ilinakiliwa kutoka ile ya asili, dhahabu ya mikuo hiyo ikayeyushwa, na dola 50 zikapigwa tena.

Basi tuziite nini? Dhahabu ni ya Kellogg, na sura ni ya Kellogg. Mkono si wake. Udanganyifu haumo, maana zimeandikwa kwamba dhahabu yake ni ya meli ile. Mwanafunzi wa nakshi atazishukuru, kwa kuwa mistari ya mchongaji huonekana wazi. Mwanahistoria wa biashara hazimfai: hazikununua unga wala kulipa ujira wa mchimbaji.

Mkuo, kinyume chake, ulichapwa namba yake, uzito, usafi wa dhahabu na thamani kwa dola. Huo ni hati kamili, na hati iliyoyeyushwa haisomeki tena. Nichaguzwe, ningeuchukua mkuo mmoja mchafu wa chumvi, na hizo dola zing'aazo niwaachie wengine.