Hamatoma ya Haipothalamasi

Hamatoma ya haipothalamasi ni uvimbe adimu ambao mtoto huzaliwa nao kwenye haipothalamasi, sehemu iliyo kitakoni mwa ubongo. Si saratani na hausambai. Hukadiriwa kumpata mtoto 1 kati ya 200,000 hivi. Neno hamatoma lilibuniwa mwaka 1904 na Mjerumani Eugen Albrecht, kwa tishu ya kawaida iliyojipanga ovyo mahali pake.

Kifafa cha kicheko

Hii ndiyo dalili yake ya ajabu kuliko zote. Mtoto, pengine angali mchanga, huangua kicheko kikavu kisicho na furaha, kwa sekunde chache, mara kadhaa kwa siku. Hakuna aliyemchekesha. Wazazi hudhani wamejaliwa mtoto mchangamfu, na miaka hupita hivyo. Mwaka 1957 madaktari Daly na Mulder walikipa kifafa hiki jina litokanalo na neno la Kigiriki la kucheka. Baadaye huweza kufuata mishtuko mikubwa, hasira kali na uzito wa kujifunza. Dawa za kawaida za kifafa ni nadra kukituliza, kwa hiyo huhitajika upasuaji, miale ya gama au leza.

Balehe ya mapema

Uvimbe ulioning'inia chini ya haipothalamasi huelekea zaidi kuleta balehe ya mapema; uliozama ndani, kifafa. Msichana huota matiti kabla ya miaka 8, mvulana hubalehe kabla ya miaka 9, wengine wakiwa na miaka 2 au 3 tu. Mtoto hurefuka upesi kuwapita wenzake, kisha mifupa hufunga mapema akabaki mfupi. Sindano za leuprolaidi huizuia balehe hadi umri wake ufike.

Sindromu ya Pallister-Hall

Baadhi ya wenye uvimbe huu wana sindromu hii, ambayo huambatana na vidole vya ziada. Chanzo ni hitilafu katika jeni ya GLI3.

Taita Taveta

Pwani ya Kenya, iliko kaunti ya Taita Taveta, mishtuko ya mtoto huitwa degedege, na wako wanaomwona mganga kwanza. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, huko Kilifi walikuta wengi wenye kifafa hawatumii dawa. Uvimbe huu huthibitishwa kwa picha ya MRI. Mzazi wa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta amrekodi kwa simu mtoto anayecheka bila sababu, aipeleke video hiyo Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi.