Waya, Mawimbi na Kisanduku cha Nyumbani

Huenda nyumbani kwenu pana kisanduku kidogo chenye taa zimetametazo mchana na usiku, ambacho watu hukiita ruta. Fundi wa kampuni mpya ya intaneti alikuja, akakifunga, akasema maneno machache, akaenda zake. Kazi yake yote haikupata saa mbili. Lakini njia iliyokifikisha kisanduku hicho katika nyumba iliyoko Karungu, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ilichukua zaidi ya miaka 140 kutengenezwa, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mtu wa kawaida hakuulizwa kama angependa njia hiyo ipite kwake au isipite. Uwezo wa kuiaga kampuni moja na kuikaribisha nyingine ni mgeni sana katika nchi hii. Tuutazame, msomaji, ulikotoka, kisha tuone wakutaka ufanye nini siku kisanduku kipya kinapoingia nyumbani.

Habari iendayo kwa nguvu za umeme iliwasili pwani yetu mwaka 1879, waya wa telegrafu ulipolazwa chini ya bahari kutoka Aden hata Unguja, kisha ukaendelea kusini. Mwaka 1890 waya mwingine uliunganisha Unguja na Mombasa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu, mwaka 1901, na nguzo za telegrafu zilifuatana nayo. Kutoka hapo habari za pwani ya kusini ya ziwa zilipanda meli. Karungu ilikuwa moja ya bandari za meli hizo, na mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliweka hapo makao yake ya kutawala nchi iliyoitwa Kavirondo ya Kusini. Baadaye makao yalihamishwa Kisii, kwenye nchi ya juu yenye hewa ya baridi, na Karungu ikabaki na ghuba yake na samaki wake.

Kuhama huko si jambo dogo katika habari hizi. Waya hufuata ofisi, hufuata reli, hufuata mazao ya kuuzwa ng'ambo. Haufuati watu kwa sababu tu ni watu. Mahali palipokuwa mlango wakati wa meli paligeuka kuwa pembe ya mwisho wakati wa nguzo.

Waya nao ulikuwa na bwana mmoja tu. Tangu mwaka 1933 posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya idara moja, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya iliunda shirika lake la posta na simu. Mwenye kutaka simu ya mezani aliandika ombi kwa shirika hilo, akangoja. Kama hakuridhika, hakuwa na mlango mwingine wa kubisha, kwa maana mlango mwingine haukuwapo.

Intaneti ilipoingia Kenya katika miaka ya 1990, ilipita katika waya ule ule wa simu. Kampuni za watu binafsi zilitokea mapema. Africa Online, iliyoanzishwa na vijana wa Kenya waliokuwa wakisoma Marekani, ilikuwa imekwisha shika kazi hiyo mjini Nairobi katikati ya miaka hiyo. Mtu alikuwa na modemu, chombo kilichopiga kelele kama ndege aliyenaswa mtegoni, na alipokuwa kwenye intaneti hakuna aliyeweza kumpigia simu nyumbani. Lakini tazama hila ya mambo: kampuni zilikuwa nyingi, na njia ya kutoka nje ya nchi ilikuwa moja. Sheria ya mwaka 1998 ililigawa shirika la zamani, na mwaka 1999 ikazaliwa Telkom Kenya, ambayo ilipewa haki ya pekee juu ya njia kuu kwa muda wa miaka mitano, hata mwaka 2004.

Kisa kimoja cha wakati huo chastahili kukumbukwa. Barua ya kompyuta iliyoandikwa Nairobi kwenda Nairobi, ikiwa mwandishi na mpokeaji walikuwa wateja wa kampuni mbili mbalimbali, ilipandishwa kwenye setilaiti, ikapelekwa ng'ambo, kisha ikarudishwa mjini ilikotoka. Safari hiyo ililipiwa kwa fedha za kigeni, kwenda na kurudi. Mwaka 2000 kampuni hizo zilifungua kituo chao cha kukutania, ili habari za nyumbani zisitoke nyumbani. Telkom Kenya ililalamika kwamba haki yake imevunjwa, na kituo kikafungwa mwaka huo huo. Kampuni hazikunyamaza, zilishitaki, zikaeleza, zikabishana, na mwaka 2002 kituo kikafunguliwa tena kwa leseni. Kwa maoni yangu, ushindi ule mdogo, ambao haukuimbiwa nyimbo, ni mkubwa kuliko sherehe nyingi zilizofuata.

Sherehe zenyewe zilikuja mwaka 2009. Katika mwaka huo mikonga miwili ya nyuzi za kioo, SEACOM na TEAMS, ilifika Mombasa, na mwaka uliofuata ukafuata wa EASSy. Hapo ndipo Afrika Mashariki ilipoacha kutegemea setilaiti za juu sana, zilizokuwa ghali na zenye kukawia. Ndani ya nchi serikali ilichimbia nyuzi kama hizo kuelekea miji mikuu ya wilaya. Lakini kutoka mji mkuu hadi boma la mtu ni safari nyingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kwa nchi ya Karungu, yenye vilima vya Gwassi upande mmoja na maji upande wa pili. Wengi huko waliijua intaneti kwa simu ya mkononi kabla ya kuijua kwa waya.

Watu wa mbali waliiona shida hiyo wakaleta dawa ya ajabu. Mwezi Julai 2020, kampuni ya Loon kutoka Marekani, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilirusha mapulizo makubwa yaliyoelea kilomita 20 juu ya ardhi, yakiendeshwa na upepo na nguvu za jua, yapate kumwaga intaneti magharibi mwa Kenya. Kisumu na Kisii zilikuwa katika eneo lililotajwa. Mwezi Januari 2021 ikatangazwa kwamba kazi hiyo yakomeshwa kwa sababu gharama zake hazikupunguzika vya kutosha. Miezi sita, basi! Mwaka 2023 kampuni nyingine ya Marekani, Starlink, ilianza kuuza huduma yake Kenya kwa setilaiti ndogo zizungukazo dunia karibu zaidi, na sasa sahani yake yaweza kufungwa popote mbingu inapoonekana, hata Sori, penye soko la Karungu.

Hiyo ndiyo njia hata mlangoni pako. Ndani ya nyumba mambo yana asili nyingine. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliunganisha kompyuta za visiwa vyao kwa mawimbi ya redio, kwa sababu waya kati ya kisiwa na kisiwa ulikuwa taabu. Mkaazi wa Rusinga au Mfangano angewaelewa upesi. Walikata habari vipande vipande, kila kipande kikatumwa peke yake. Vipande viwili vikigongana hewani, kila mmoja alingoja kidogo, kwa muda usio sawa na wa mwenzake, kisha akajaribu tena. Mwaka 1985 Marekani iliruhusu mawimbi fulani yatumike bila leseni kwa mawasiliano. Mawimbi hayo yalikuwa kama shamba la mawe, yamejaa kelele za majiko ya maikrowevu, wala hakuna tajiri aliyeyataka. Katika shamba hilo ndimo ilimoota waifai, ambayo kanuni zake za kwanza zilitolewa mwaka 1997. Ndiyo sababu huombi ruhusa ya mtu kuwasha ruta yako.

Sasa fikiri kwamba jamaa yako ameiacha kampuni ya kwanza na kuchukua ya pili. Jua kwanza kilicho chao na kilicho chenu. Njia itokayo nje, na anwani ya tarakimu ambayo ulimwengu hukutambulia, ni vya kampuni. Ukihama, havihami nawe. Tangu mwaka 2011 mtu wa Kenya aweza kuhama kampuni ya simu na namba yake ya mkononi, lakini intaneti ya nyumbani haina desturi hiyo. Kwa hiyo barua zako usizifunge kwenye anwani uliyopewa na kampuni ya intaneti, usije ukazipoteza siku ya kuagana.

Chenu ni kile kilichomo ndani: jina la waifai na neno lake la siri. Ukikipa kisanduku kipya jina lile lile na neno lile lile la kisanduku cha zamani, herufi kwa herufi, simu na kompyuta za nyumbani huungana nacho zenyewe, kana kwamba hapakutokea badiliko. Ila kama jina na neno hilo vilikuwa vile vilivyopigwa chapa chini ya kisanduku kiwandani, tunga vipya. Kuna neno la siri la pili, la kuingilia katika ruta yenyewe ili kubadili kanuni zake. Watu wengi huliacha kama lilivyotoka kiwandani, na mgeni yeyote aliyekaribishwa kutumia waifai aweza kulikisia.

Mahali pa kukiweka pana maana kubwa katika nyumba zetu. Bati huyarudisha mawimbi kama linavyourudisha mwangaza wa jua. Ruta inayopokea intaneti kwa laini ya simu iwekwe karibu na dirisha lielekealo mnara. Ile ya waya au sahani iwekwe katikati ya nyumba, juu ya kabati, mbali na pipa la maji na kioo kikubwa. Jiko la nje lililojengwa kwa mabati huenda lisipate kitu. Ikiwa ruta ina mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, yale ya kwanza hufika mbali zaidi na kupenya ukuta vizuri zaidi, na yale ya pili ni mepesi zaidi ukiwa karibu. Ukipenda kuviwasha visanduku viwili pamoja, kimoja tu kiachiwe kazi ya kugawa anwani za ndani, la sivyo vitavutana na utadhani kampuni imekukosea.

Kisanduku cha zamani usikitoe wala kukirudisha kikiwa bado kina maneno yako. Nyuma yake pana tundu dogo. Ingiza ncha ya kijiti, bonyeza kwa nukta kumi au zaidi, hata taa zote zizimike na kuwaka upya. Halafu ukirudishe, udai risiti.